Mwaka Nilioruhusiwa Kumpiga Kaka

Siku ya arobaini ya kaka yangu Mfaume, hitima ilipokwisha na watu wakala, vijana watatu wanaofanya mazoezi ya ngumi pale Chuno walinisogelea mkekani. Waliniamkia mmoja mmoja kwa adabu, kisha yule mrefu akauliza swali ambalo nadhani walilibeba tangu siku ya maziko. "Babu, nyinyi wawili mmepigana ngumi za kulipwa miaka mingi, Dar es Salaam, Tanga, mpaka Mombasa. Hamkuwahi kupangwa pamoja. Mngepangwa, nani angeshinda?" Nikamjibu kwamba tulikutana, tena zaidi ya mara moja, na pambano la kwanza mwamuzi alikuwa mama yetu. Wakacheka kwa heshima, kama watu wanavyomchekea mzee aliyefiwa. Hao wanaijua picha moja tu, ile iliyotundikwa sebuleni kwa marehemu, tumesimama bega kwa bega, vifua wazi, ngumi mbele ya uso, na wanadhani tulianza hivyo. Hawajui kwamba kwa muda mrefu mimi nilikuwa bondia asiyepiga, na kaka yangu alikuwa bondia asiyejua kupigwa. Nimekuwa nikiufikiria mwaka ule tangu walipoondoka. Ningependa kuusimulia ningali naukumbuka sawasawa.

Ulikuwa mwaka ambao bandari ya Mtwara ilikuwa ikijengwa, na watu wakija kutoka kila upande, Newala, Masasi, Lindi, hata ng'ambo ya Ruvuma. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa, kaka ishirini na sita. Yeye alikuwa kwenye genge la kupakua saruji na vyuma. Mimi nilipasua mbao kwenye karakana. Mama alibaki kwake Msangamkuu na mashamba yake ya muhogo, nasi tukapanga chumba Chuno, kwa mjane mmoja aitwaye Bi Zuhura. Chumba kile hata leo naweza kukitembea gizani. Kitanda kimoja cha kamba upande wa ukuta, hicho cha kaka. Mkeka wangu chini ya dirisha, na dirisha lenyewe dogo, likitazama uwani ambako Bi Zuhura aliwakausha samaki wake, kwa hiyo mashati yetu, maji yetu ya kunywa na hata usingizi wetu ulinuka ng'onda. Jioni tulikula ugali wa muhogo, na siku njema kisamvu kilichoungwa kwa nazi na korosho zilizotwangwa. Mimi nilimnawisha kaka mikono kwanza, yeye akamega tonge la kwanza, na mpaka alipolimeza mkono wangu ulikuwa pajani. Hakuna aliyenilazimisha. Ndivyo nilivyolelewa, na nilimpenda. Alikuwa na tabia ya kusukuma minofu ya mgongo wa samaki upande wangu wa sahani huku akitazama pengine, kama aliyeisukuma kwa bahati mbaya.

Ngumi tulifundishwa na mtu tuliyemwita Koplo. Jina lake jingine limenitoka, nami naona aibu kusema hivyo, kwa sababu alitutendea mengi. Alikuwa Mmakua wa Masasi, alipigana vita vya Wazungu akarudi na kikohozi pamoja na glavu jozi mbili zilizopasuka. Pale bandarini alikuwa mlinzi wa stoo ya saruji. Nyuma ya stoo alichimbia nguzo nne, akazungusha kamba za katani, akatundika gunia la mchanga na pumba za mbao nilizomletea kutoka karakana, na kila siku baada ya kazi vibarua kumi au kumi na watano walikuja kujifunza. Kaka alikuwa wa kwanza kwa kila kitu. Mkono wake wa kulia ulipolipata gunia, nguzo iliyolishika ililia. Wengine walianza kumkwepa, mmoja kichwa kinamuuma, mwingine anasubiriwa nyumbani, mpaka nikabaki mimi peke yangu wa kufanya naye mazoezi. Uzito wetu ulikuwa sawa. Koplo akatuingiza ulingoni, na hapo tabu ikaanza.

"Rudisha," Koplo aliniambia kaka aliponipiga mara ya kwanza.

Sikurudisha.

"Dadi, amekupa ngumi. Mrudishie."

"Siwezi, Koplo. Ni kaka yangu."

"Ndani ya kamba hizi hakuna kaka."

"Nje yake yupo," nikasema. "Na mimi silali humu ndani."

Watu walicheka. Koplo hakucheka, lakini hakunifukuza pia, maana bila mimi Mfaume asingekuwa na mtu. Kumpiga kaka aliyekuzidi umri, kwetu, lilikuwa jambo ambalo mtu hulitenda mara moja, kisha likasemwa msibani na harusini mpaka wajukuu zake walisikie. Nilimwona mtu wa Msangamkuu aliyempiga kakaye kwa sababu ya mkorosho. Watu waliacha kula naye. Basi kwa kuwa nisingeweza kumpiga kaka, na sikupenda kupigwa, ilinibidi nijifunze jambo la tatu. Nilijifunza bega lake la kulia linavyoshuka kabla ngumi haijaja. Nilijifunza kutazama miguu yake, kuinamisha kichwa kwa upana wa kidole tu, kuzungukia upande ambao mkono wake haufiki. Miezi miwili ya kwanza nililala na uso unawaka. Mwezi wa nne alinipata mara tatu au nne kwa jioni nzima. Mwezi wa sita hakunipata kabisa, naye akadhani amechoka kwa sababu ya saruji. Mara nyingi, akishapiga na kukosa, uso wake ulikuwa wazi mbele yangu kama mlango uliosahauliwa, nami nilipita kando ya mlango ule nikashusha mikono.

Jumapili moja asubuhi nilikuwa nimelala mkekani, nikamsikia Bi Zuhura uwani akizungumza na jirani yake huku wakichambua dagaa. "Mfaume ni mwanamume," alisema. "Yule mdogo, sijui. Kila siku anapigwa, mkono hainui." Jirani akauliza kama nina maradhi. "Maradhi hana," akasema Bi Zuhura. "Mwoga tu. Wapo watoto wanaozaliwa hivyo, na si kosa la mama yao." Kaka alikuwa kitandani, macho wazi. Najua alisikia. Alijigeuza ukutani, na siku ile chai ilikuwa chungu kinywani mwangu. Lakini nikiwa mkweli, haikuniuma kwa sababu walinidharau. Iliniuma kwa sababu nilijua jambo ambalo wao hawakulijua, na nisingeweza kulisema bila kumvunja mtu niliyemheshimu kuliko wote.

Baadaye mwaka ule wakaja mabondia wa Lindi. Kati yao alikuwapo mchukuzi wa mizigo aitwaye Rajabu, mtu mweusi tii, mtulivu, mwenye masikio yaliyokunjamana kwa kupigwa. Koplo alimpanga na kaka Jumamosi alasiri, na uwanja wa nyuma ya stoo ukajaa mpaka watu wakapanda juu ya matanki ya maji. Raundi ya kwanza ilikuwa ya kaka. Raundi ya pili Rajabu alipokea ngumi moja nzito, akaimeza, akarudisha ya kwake moja kwa moja puani. Nilikuwa kwenye kona, ndoo mkononi, nikauona uso wa kaka. Hakuumia sana. Alishangaa. Alimtazama Rajabu kama mtu aliyetukanwa barabarani na mgeni, akasimama mikono chini akingoja aelezwe. Miezi yote ile hakuna aliyekuwa amemgusa. Hakujua kwamba ukipigwa unafunga uso, unashika, unaondoka. Mwili wake haukuwa umeambiwa hayo. Rajabu akampiga tena, na tena, hadi Koplo akatupa taulo ulingoni kukubali kwamba tumeshindwa. Watu wakaanza kushuka kwenye matanki. Tulimshika mkono mimi na Koplo, tukamtoa, na Koplo alipopita karibu nami akasema kwa sauti ya chini, "Hii kazi ni yako, Dadi. Hii umeifanya wewe."

Asubuhi yake kaka alikunywa uji kwa upande mmoja wa mdomo. Jicho la kushoto lilikuwa limefumba kabisa. Nilikaa mkekani nikishika bakuli langu, uji ukipoa.

"Dadi," akasema. "Ungeweza kunipiga?"

"Lini, kaka?"

"Tangu tulipoanza. Siku yoyote."

Nikatazama bakuli. Uongo ulikuwa karibu, nao ulikuwa mtamu. "Ndiyo," nikasema.

"Mara moja moja?"

"Kila siku, kaka. Kila unapokosa kwa mkono wa kulia."

Akaweka uji chini, akatoka. Siku tatu hatukuzungumza. Tulikwenda kazini tukarudi, nilimnawisha mikono, alimega tonge, tukala kama watu wawili waliokutana hotelini. Siku ya nne, nyuma ya stoo, akaingia ulingoni na kuniita. Uso ulikuwa haujapona. "Nipige," akasema. Nikainua mkono. Wallahi niliuinua, nikaupeleka, na ukafika upana wa kiganja kutoka shavuni mwake ukasimama. Koplo akamwaga matusi ya jeshini. Kaka akasema, "Mimi ndiye mkubwa wako, nakuamuru." Nikajaribu tena, ukasimama pale pale. Nilikuwa nalia, mtu mzima wa kupasua mbao, mbele ya vibarua wote. Kaka akazivua glavu, zake na zangu, akazifunga pamoja kwa kamba zake, akamwomba Koplo amwazime mpaka kesho kutwa. "Ijumaa tunakwenda kwa mama," akasema.

Tulimkuta mama uwani kwake anamenya muhogo wa kuanika makopa. Kabla ya salamu kwisha alikuwa ametuletea ming'oko, ile mizizi ya porini, ya kuchemsha na chumvi iliyopondwa na pilipili na ndimu, maana kwake hapakuwa na neno zito lililosemwa kwa mtu mwenye njaa. Kaka alikula kidogo, akafuta vidole.

"Mama, tumekuja kwa ombi. Nataka umpe Dadi ruhusa anipige."

Mama akaweka kisu chini. Alinitazama mimi. "Kaka yako amekukosea nini?"

"Hajanikosea, mama."

"Basi unataka kumpiga kwa lipi?"

"Sitaki kumpiga. Yeye ndiye anataka nimpige."

Mama akamgeukia kaka, akampima shingo kwa kiganja. "Mfaume, una homa?"

Kaka akaeleza. Alieleza vizuri, bila kujifunika, kuhusu Rajabu na mlango ulioachwa wazi, na kwamba kama hatapata mtu wa kumpiga atapigwa na kila mtu. Mama alisikiliza huku akichagua maganda kutoka kwenye khanga yake. Mwisho akasema, "Maneno yenu siyaelewi. Nionyesheni." Tukavaa zile glavu kuukuu, tukasimama kati ya mkeka wa makopa na banda la kuku. Kaka akanijia. Nikafanya kama nilivyofanya siku zote: nikainama, nikazunguka, nikaacha ngumi zipite. Alipiga labda mara ishirini. Hakunigusa hata mara moja. Nikasikia sauti, nikageuka, mama alikuwa anacheka, khanga mdomoni, mabega yakitikisika. Kisha akauona uso wa kaka, jasho na lile jicho lililovimba, na kicheko kikakatika.

"Dadi, njoo hapa. Unaona ulivyomfanya kaka yako?"

"Sijamgusa, mama."

"Ndiyo ninayosema. Umemchezesha mbele ya mama yake, anapiga hewa kama mtu anayefukuza ndege kwenye mtama, mpaka mimi niliyemzaa nimemcheka. Halafu unaniambia umemheshimu." Akachukua kisu chake, akakishika bila kukitumia. "Mwombe radhi. Kisha mpige. Mimi niko hapa, nimeona. Kama kuna laana, na inipate mimi."

Nikamwendea. "Niwie radhi, kaka."

"Nimekuwia," akasema, akaleta mkono wa kulia, akakosa, na mlango ukawa wazi.

Nilimpiga kwa kushoto, chini ya jicho zima. Mkono ulifika. Nimepiga watu wengi tangu siku ile, na mikono yangu imesahau karibu wote, lakini ule mfupa wa shavu la kaka naujua hadi leo. Alirudi nyuma hatua moja, akafumba jicho, akalifumbua. Nilidhani nitaanguka mimi. Akasema, "Tena." Nikampiga tena. Mara ya tatu aliinua bega, ngumi yangu ikafia begani, naye akaguna kwa furaha kama mtu aliyepata funguo. Mama alikuwa amerudia kumenya, hatutazami tena, ila niliona maganda yanatoka mazito, nusu ya muhogo ikienda nayo.

Tangu Ijumaa ile Koplo alipata mabondia wawili. Kila jioni nilimwomba radhi, akaniwia, kisha tukapigana kwelikweli, na Bi Zuhura alituwekea maji ya moto na chumvi huku akituuliza tumegombana kwa ajili ya mwanamke gani. Kaka alijifunza upesi kuliko nilivyojifunza mimi, kwa kuwa hakuwa na kiburi katika kujifunza. Kiburi alikiweka kwenye mambo mengine. Mimi nami niligundua kwamba miezi yote niliyoona nimepoteza sikuwa nimeipoteza. Macho yalikuwa yameshafundishwa, ikabaki kuifundisha mikono.

Korosho zilikuwa zimeanza kuanguka Rajabu alipokuja tena. Safari hii alifuatana na bwana mmoja kutoka Dar es Salaam, mfupi, mwenye kofia ya kijani, mwandaaji wa mapambano ya kulipwa, aliyekuja kumwona Rajabu kama anafaa. Koplo alinipanga mimi kwanza, na mtandika reli wa Nachingwea. Tulipogusana glavu nikamwambia, "Niwie radhi," akaniuliza, "Nini?" Kengele ikalia. Hakunipata. Mimi nilimpata kila nilipotaka, na watu wa Chuno, walioniita mwoga, walianza kuhesabu ngumi zake zinazopotea, kwa sauti, wote pamoja, mpaka yeye mwenyewe akacheka na kukaa chini. Kisha akaingia kaka. Raundi ya pili Rajabu alimpiga ile ngumi yake ya moja kwa moja, na nikaushika ukingo wa ndoo. Kaka alifunga uso, akashika, akaondoka. Akarudi. Raundi ya tano Rajabu alipiga goti, na ya sita hakuinuka kwenye kigoda chake. Sijawahi kupiga kelele kama siku ile, hata kwa ushindi wangu mwenyewe.

Yule bwana wa kofia alitukuta nyuma ya stoo tukioga kwa ndoo. Alimsemesha kaka, kama ilivyo haki. "Nimekuja kumtafuta mmoja, na nafasi ni ya mmoja. Wewe una mkono mzuri. Lakini namtaka mdogo wako. Mtu asiyepigika, watu wa Dar wataondoka nyumbani kumwona."

"Mimi siendi bila kaka," nikasema.

"Nyamaza, Dadi, wakubwa tunazungumza." Mdomo wa kaka ulikuwa umevimba, na saa moja tu iliyopita alikuwa amemshinda mtu aliyeogopwa na pwani yote. Nilitafuta usoni mwake kitu ambacho ningekiona kwangu kama ningekuwa yeye. Sikukiona. "Mchukue," alimwambia yule bwana. "Ameshaiva. Mimi nitakuja kwa njia yangu."

Na alikuja. Baada ya miezi minane aliingia ukumbini Dar es Salaam asubuhi, nikiruka kamba, amevaa suruali ya mabaharia, akamwambia yule bwana kwamba amekuja kupigana na yeyote isipokuwa mdogo wake. Alipigana ngumi za kulipwa miaka mingi kuliko mimi. Alipigwa na mabondia wakubwa, akawapiga wengine wakubwa zaidi, na hakuna siku aliyosimama ulingoni mikono chini akishangaa. Vijana wanaponiuliza nani alikuwa bora, wanangoja niseme mimi, kwa kuwa nilianza mbele. Mtu anayejua ngumi haulizi nani alipiga vizuri. Anauliza nani alianza upya akiwa na miaka ishirini na sita, kwa kupigwa na mdogo wake mwenyewe, na akaomba apigwe.

Siku ya kusafiri kwangu ilikuwa Jumanne. Meli ya pwani ilikuwa imetia nanga, na nilikuwa na sanduku moja la mbao nililolitengeneza karakana, ndani yake nguo, blanketi na makopa ya mama. Niliinama kulibeba, kaka akaniwahi, akaliinua na kulitwika kichwani mwake. Kwetu mkubwa hambebei mdogo mzigo, tena mchana, tena njia kuu. "Kaka, nipe," nikasema. "Watu wanatazama."

"Ndiyo maana nabeba," akasema. "Waone."

Akatangulia. Tulipita mbele ya nyumba ya Bi Zuhura, mbele ya msikiti, mbele ya stoo ambako Koplo alisimama akapiga saluti, na vibarua wakaacha masepetu yao wakatazama. Kaka hakugeuka nyuma na hakupunguza mwendo, shingo imenyooka chini ya sanduku langu, akiitikia salamu za watu kwa sauti kubwa. Kila aliyemuuliza anakwenda wapi alimjibu, "Namsindikiza bondia." Nami nilimfuata hatua mbili nyuma mpaka gatini, mikono mitupu, nisijue niiweke wapi.